Mdudu wa Kila Asubuhi

Tambi zilikatika tena Jumanne, na safari hii zilikatika mbele ya macho ya jirani. Bing-tik alikuwa ameshika kijiti chake upande wa ukuta, mkewe Siok-khim ameshika cha pili upande wa barabara, na kati yao nyuzi zaidi ya mia mbili zilikuwa zikirefuka polepole juu ya uwanja. Bing-tik akavuta. Siok-khim akaegemea nyuma kama alivyoegemea kwa miaka thelathini na sita. Zikafika hatua tano, zikafika sita, kisha nusu nzima ikaachia na kuanguka mchangani.

"Chumvi!" Bing-tik akafoka. "Chumvi umeifanya nini?"

"Chumvi umetia wewe."

"Nimetia kipimo cha mama. Bakuli nane za mfuto, juu zimefutwa sawa, kama alivyoniachia."

"Basi kamuulize mama."

Mama mzee alikuwa kaburini mwezi wa tatu sasa, kwa hiyo neno lile lilikuwa kali. Lingekuwa na nafuu kidogo kama A-Hiong, mama mfuga bata wa nyumba ya pili, hangekuwa amesimama langoni na gunia tupu mkononi.

"Msigombane, jamani," alisema A-Hiong, huku macho yake yakiwa chini, kwenye tambi. "Hizo zilizoanguka mtazitupa? Maana bata wangu wameshazizoea. Jana nimewapa pumba, wamenigeuzia mgongo."

Bing-tik alizikusanya mwenyewe, akazitia guniani. Baba yake na babu yake walikuwa watu wa tambi, na pwani yote ile, hadi Lok-kang mjini, mtu akitaka tambi za sherehe alielekezwa kwao. Leo wateja wake waaminifu walikuwa bata.

Lililokuwa linamkosesha raha zaidi ni Jumapili. Jumapili ile Mzee Thian-su, mzee wa kanisa letu, alikuwa anatimiza miaka tisini, na kanisa lilikuwa limeagiza vicha tisini vya tambi, vipikwe kwa makongoro ya nguruwe baada ya ibada ya shukrani. Tambi ya siku ya kuzaliwa haikatwi, maana urefu wake ni urefu wa maisha. Sisi wa kanisani tunasema wazi kwamba hatuamini mikosi, na tunasema kweli, lakini hakuna hata mmoja wetu angethubutu kumwekea mzee wa miaka tisini tambi iliyokatika kwenye bakuli lake.

"Nitakusaidia mpaka vicha vya Mzee Thian-su vitimie," alisema Siok-khim, baada ya A-Hiong kwenda zake. Alikuwa akipangusa vijiti, wala hakuinua uso. "Jumatatu nitapanda basi la saa tatu asubuhi niende Taichung kwa mwanetu Hui-jun. Amekwisha toa cherehani yake kwenye chumba kile kidogo."

"Kwenda kutembea?"

"Kukaa."

"Kukaa mpaka lini?"

Siok-khim alitundika kitambaa msumarini, akaingia ndani. Bing-tik alibaki uwanjani akiwaza. Mke wake ametangaza kuondoka, na yeye alikuwa bado anahesabu bakuli za chumvi. Ndivyo alivyoumbwa. Ni mtu ambaye nyumba yake ikiungua atauliza kwanza nani alikiweka kiberiti mahali pasipo pake.

Jumatano mchana alichukua baiskeli akaenda kwa Mama Mchungaji. Mama Mchungaji Bi-giok alikuwa amesomea unasihi miaka mitatu kule Tainan, na kila Jumatano alipokea watu wenye shida katika chumba cha shule ya Jumapili, kwa kuwa ndicho pekee chenye mlango unaofungika vizuri. Viti vyake ni vya watoto wa chekechea. Ndiyo maana kwetu hapa hakuna anayesema fulani amekwenda kwenye unasihi. Tunasema, "Fulani amekalishwa viti vidogo," na tunacheka, na mwisho wake wengi wetu tumevikalia.

"Sina shida kubwa," alisema Bing-tik akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Mambo mawili tu. Umwambie mke wangu arudishe mkono wake wa zamani, maana siku hizi anavuta ovyo. Na uziombee tambi zangu."

"Tambi nitaziombea," Mama Mchungaji alimjibu. "Mkeo kamlete."

"Ana kazi."

"Nami nina kazi, Kaka Bing-tik. Nenda, mrudi wawili, saa kumi, chai itakuwa tayari."

Saa kumi walikuwa wameketi, Bing-tik magoti yakimkaribia kidevu, Siok-khim ameuweka mkoba wake mapajani na kuushika kwa mikono miwili. Ukutani kulikuwa na picha ya safina ya Nuhu, twiga wawili wakitoa shingo dirishani. Mama Mchungaji aliwamiminia chai, akaomba sala fupi, akaishika kweli ahadi yake ya kuzitaja tambi. Kisha akasema, "Sasa tuziache kidogo hizo tambi."

"Lakini ndizo zilizotuleta," alisema Bing-tik.

"Najua. Niambie, Siok-khim huamka saa ngapi?"

"Mapema. Mapema kuliko mimi."

"Akishaamka anafanya nini?"

Bing-tik alifikiri. "Mambo ya jikoni."

"Mambo gani?"

"Yale ya... ya jikoni." Aligeuka kumtazama mkewe amsaidie, kama mwanafunzi anayemchungulia jirani yake kwenye mtihani. Siok-khim alikuwa anawatazama twiga.

"Mlicheka lini mara ya mwisho, nyote wawili, kwa jambo moja?"

Bing-tik alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Mama Mchungaji hakuwaharakisha. Alikunywa chai yake, akauliza habari za mazishi ya mama mzee, yalikwendaje, maana siku ile yeye alikuwa jikoni na kina mama na hakusikia mengi.

Hapo Bing-tik akachangamka. Mazishi yale yalimpa sifa. Alikuwa mtoto wa kiume wa kwanza, na ndiye aliyesoma maneno ya shukrani ya familia mwisho wa ibada, na watu waliyasifu. Karatasi yenyewe anayo bado, katikati ya kitabu cha nyimbo, na kitabu cha nyimbo alikuwa nacho. Akaitoa, akaikunjua, akaisoma yote. Alimshukuru Mchungaji. Aliwashukuru wazee wa kanisa, kwaya, waliotuma maua, daktari, muuguzi wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku, dereva wa gari la maiti, waliopika, walioosha vyombo, na Ndugu A-Bok aliyeazimisha viti vya plastiki mia moja na ishirini. Majina kumi na saba.

"Hukumsahau mtu," alisema Mama Mchungaji.

"Nilikaa siku mbili nikiyaandika. Sikutaka mtu aumie."

Mama Mchungaji alimgeukia Siok-khim, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Nawe, dada yangu, ulipoyasikia maneno hayo ulikuwa umekaa wapi?"

"Safu ya kwanza. Na nguo za msiba," alisema Siok-khim. Halafu, kwa haraka, "Lakini hakukosea, Mama. Ndiyo desturi. Mtu huwashukuru wageni, hawashukuru watu wa nyumba yake. Watu wangemcheka."

"Ndiyo," alidakia Bing-tik. "Kumshukuru mke mbele za watu ni kama kujisifu mwenyewe."

"Hakukosea," alirudia Siok-khim. Vidole vyake vilikuwa vinafungua na kufunga kifungo cha mkoba. "Ila mwenye viti alishukuriwa. Viti vya plastiki. Nilikaa pale nikasikia viti vinashukuriwa, nikajiambia, Siok-khim, miaka sita umembeba mama mgongoni kwenda chooni. Ungekuwa kiti cha plastiki ungetajwa."

Machozi yalimtoka hapo hapo, na Bing-tik, ambaye hakuwa amemwona mkewe akilia hata siku ya maziko, aliinuka, akakuta hakuna pa kwenda, akakaa tena.

"Baada ya siku ile," aliuliza Mama Mchungaji, "kuna jambo ambalo ulikuwa unalifanya ukaliacha?"

"Hakuna. Napika, nafua, nakanda unga, navuta. Hata yeye hawezi kusema nimeacha kitu." Akafuta pua. "Moja tu. Sionji tena chumvi."

"Chumvi alikuwa anaonja mama!" alisema Bing-tik. "Kila asubuhi! Kijiji kizima kinajua. Alichovya kidole, akaonja, akasema imekolea au bado. Tambi zetu zimekufa kwa sababu ulimi wa mama umekufa."

"Ulimi wa mama yako ulikufa miaka minne kabla yake."

"Unasema nini wewe?"

"Kile kiharusi cha pili. Siku moja nilichelewa kutia chumvi. Beseni la kukandia unga lilikuwa na maji matupu, Baba Hui-jun, maji ya bomba. Mama akachovya kidole, akaonja, akafumba macho, akaniambia, imekolea, Siok-khim. Ningemwambia nini? Alikuwa ameshapoteza mguu, ameshapoteza mkono wa kushoto. Alibakiwa na huo ulimi tu, na sifa zake. Nikamwambia, asante mama. Tangu hapo, kila ukishamrudisha chumbani kwake, narudi, naonja mwenyewe, naweka sawa. Joto likizidi naongeza, upepo ukianza napunguza. Kipimo cha bakuli nane ni cha kiangazi. Huu ni Novemba."

Kitu kilikuwa kinamrudia Bing-tik kichwani, kitu kidogo cha kipuuzi. Kila asubuhi, kwa miaka hiyo minne, mara tu alipomsukuma mama na kiti chake kurudi chumbani, alimsikia mkewe akisema uwanjani, "Aa, kuna mdudu kwenye maji," na alipogeuka alimkuta ameinamia beseni na kata mkononi, akimwaga, akiongeza. Kila siku mdudu! Alimgombeza. Alimwita mchafu. Mwaka juzi alikwenda Lok-kang kununua mfuniko mzito wa alumini, akautupa mbele yake, akasema, "Sasa tuone hao wadudu wako wataingilia wapi." Naye alisema asante, na kesho yake mdudu akaingia tena.

"Wale wadudu," alisema Bing-tik.

"Hapakuwa na wadudu," alijibu Siok-khim.

Mama Mchungaji alikusanya vikombe. Aliwaambia yaliyosemwa kwenye viti vidogo hubaki kwenye viti vidogo, akawaombea, akawafungulia mlango. Kiti cha Bing-tik kilimng'ang'ania makalioni aliposimama, ikabidi Siok-khim akivute kwa mkono mmoja bila kumtazama.

Kulipopambazuka Alhamisi, Bing-tik alikuwa peke yake mbele ya beseni. Alitia bakuli nane, akakoroga, akachovya kidole, akaonja. Aliisikia chumvi, basi. Imezidi, imepungua, hakujua. Alichovya tena na tena mpaka ulimi ukawaka. Miaka sitini na mmoja tangu azaliwe katika nyumba ya tambi, na hakujua kitu hicho, kwa sababu siku zote palikuwa na mwanamke wa kukijua kwa niaba yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na yeye maisha yake yote alikuwa ameviona vikielea tu. Aliona aibu. Na chini ya aibu, kwa namna iliyomshangaza, aliona kwamba mama yake alikufa akiamini bado ana ulimi, na aliyempa zawadi hiyo si yeye mtoto wake.

Akalifunika beseni kwa mfuniko wa alumini, akaenda mlango wa jikoni. Siok-khim alikuwa anakoroga uji wa mchele na viazi vitamu. Bing-tik alitazama yale mambo ya jikoni moja moja: uji, figili za chumvi, soksi zake mwenyewe zimetandazwa karibu na jiko zikauke.

"Mama Hui-jun."

"Nini?"

Alikuwa ameandaa maneno mazuri, yote yakakimbia. "Njoo uangalie," alisema. "Kuna mdudu kwenye maji."

Siok-khim aliacha kukoroga. Alimtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

"Mkubwa?"

"Mkubwa. Na ni wa siku nyingi."

Alizima jiko, akajifuta mikono, akatoka. Alifunua beseni, akatazama ndani kwa makini kabisa, kama kweli kuna kitu cha kutafutwa, kisha akachovya kidole akaonja. Aliinua uso kusikiliza upepo wa kaskazini unavyopiga mianzi nyuma ya nyumba. Akamwaga kata nne, akaongeza maji, akaonja, akaongeza nusu kata.

"Sasa," alisema.

"Asante," alisema Bing-tik.

"Usinishukuru kama mwenye viti," alimjibu Siok-khim, akachukua unga. "Na basi la Jumatatu liko pale pale. Kazi hii ni ya Mzee Thian-su."

Mchana ule walivuta. Hatua tano, sita, saba, nane, na tambi zikalala hewani kati yao zikipepea, hakuna hata uzi mmoja uliogusa mchanga. A-Hiong alikuja na gunia lake, akakaa saa nzima langoni, akaondoka na gunia tupu. "Bata watanilaumu," alisema, lakini alikuwa anatabasamu. Ijumaa ikawa hivyo, Jumamosi ikawa hivyo, na Jumamosi jioni vicha tisini vilikuwa mezani vimefungwa nyuzi nyekundu. Nyuma ya mlango wa chumba cha kulala palikuwa na sanduku la Siok-khim, nalo limefungwa.

Jumapili, baada ya ibada, ukumbi ulijaa mvuke na harufu ya makongoro. Mzee Thian-su alikaa kichwani mwa meza kuu, na kwa kuwa hana meno, aliinyonya tambi yake ya kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuikata, watu wakihesabu kwa sauti, mpaka ncha yake ikamchapa puani. Wakapiga makofi.

"Bing-tik!" Mzee aliita. "Ulimi wa mama yako haujafa! Ungali humu!"

Watu wote wakamgeukia. Sote tunajua jibu lake. Mtu akikusifu unasema, "Aa, tambi mbaya hizi, mtusamehe tu," unainamisha kichwa, unakaa. Bing-tik akasimama, akainamisha kichwa, na hakukaa. Alikuwa ameshika kitabu chake cha nyimbo, na karatasi ile ilikuwa inatokeza.

Siok-khim alijua papo hapo. Aliona mumewe anakwenda kulimwaga jambo la mama mbele ya ukumbi mzima, lile jambo alilolificha miaka minne. "Keti," alimnong'oneza, akamvuta koti.

"Mama alitufundisha kazi hii," alisema Bing-tik. "Kazi yake ilikuwa nzuri mpaka siku ya mwisho, na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini tambi mnazokula leo chumvi yake imeonjwa na huyu." Akaweka mkono begani kwa mkewe. A-Hiong alishikilia kijiko mdomoni. "Mwezi wa nane nilisimama hapa nikashukuru watu kumi na saba. Nilimshukuru Ndugu A-Bok kwa viti."

"Viti mia na ishirini!" alisema A-Bok kutoka nyuma.

"Mia na ishirini. Na huyu aliyemlisha mama yangu, akamwogesha, akambeba mgongoni miaka sita, sikumtaja. Nilidhani mtu hashukuru mkono wake mwenyewe. Nilikosea. Si mkono wangu. Ni mtu, anaitwa Ti Siok-khim, na nilipaswa kumtaja wa kwanza. Nimemwandika hapa juu kabisa. Asante, Mama Hui-jun."

Hakuna aliyejua la kufanya, maana hakuna aliyewahi kuliona jambo kama hilo, mpaka A-Bok aliposimama kule nyuma akasema kwa sauti kubwa, "Basi ile shukrani yangu ya viti mpeni yeye! Mimi viti vyenyewe nilikuwa sina pa kuvihifadhi!" Kicheko kikalipuka. Mzee Thian-su alicheka hadi akapaliwa. Bing-tik akacheka huku analia, na alipotazama pembeni akaona mkewe anacheka pia, uso mwekundu kama makongoro, akipigapiga meza kwa kiganja. Mama Mchungaji, akiwa na sufuria mikononi, aliwaona wakicheka kwa jambo moja, akarudi jikoni haraka kufuta macho.

"Sasa keti," alisema Siok-khim. "Tambi zinavimba." Akachukua kongoro lililonona kuliko yote kwenye sinia, akamwekea mumewe juu ya bakuli.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mume mbele na baiskeli, mkewe nyuma na sufuria tupu. Bing-tik alikuwa na furaha na alikuwa na hofu, kwa sababu shukrani haimnunui mtu, na sanduku lilikuwa bado nyuma ya mlango. Kama mkewe angepanda basi, angepanda akiwa ameshukuriwa, na hiyo ilikuwa haki yake. Walipofika penye mianzi Siok-khim alisimama, akainua uso, akanusa.

"Upepo unageuka," alisema. "Kesho utatoka kusini. Kutakuwa na joto."

"Kesho Jumatatu," alisema Bing-tik polepole.

"Najua kesho ni lini. Bakuli saba." Alimpita akiwa na sufuria yake, akasukuma lango. "Na usifunue beseni kabla sijafika mimi. Huwezi kujua, pengine patakuwa na mdudu."